Herufi za Kasumbalesa

Ukitaka kugombana na Mama Germaine Kapinga wa mtaa wa Katuba, usimtukane. Matusi anasamehe. Wewe simama tu nyuma yake anapopiga mashine, halafu mwulize kama ana hakika na alichoandika. Hapo utaonyeshwa mlango, na barua yako utaenda kuiandika kwa mkono kama mtoto wa shule.

Miaka thelathini na moja alikuwa daktilo, yaani mpiga chapa, katika ofisi ya kampuni moja ya migodi. Kampuni ilipopunguza watu, aliondoka na vitu vitatu: cheti cha shukrani, saa ya ukutani na vidole kumi. Cheti kililiwa na mchwa. Saa ilikufa yenyewe. Vidole vikafungua kibanda kando ya barabara, na mlangoni akaandikisha kwa rangi nyekundu: Secrétariat Public La Précision, yaani ofisi ya kuandikia watu barua, jina lake Usahihi.

Kazi hiyo alifundishwa na masista, na sista aliyemfundisha alikuwa akiwafunika wasichana mikono kwa kitambaa cheusi ili wasione herufi. Toka siku zile Mama Kapinga hajaangalia klavie, yaani ule ubao wa herufi, wala harudi kusoma alichokiandika. Macho yake hukaa kwenye karatasi ya mteja, au usoni pa mteja, au barabarani kuona nani anapita na nani.

“Ukitembea, unaangaliaka miguu?” huwauliza wanaoshangaa. “Basi uniache.”

Mashine yake ya kibandani ilikuwa familia ya baba mmoja na mama watatu. Kioo kilikuwa cha Dell, sanduku la HP, na klavie haikuwa na jina la mtu. Herufi zake zilikuwa zimefutika zote kwa kupigwa, vibonye vimebaki vyeupe kama meno, na aliyejua A iko wapi ni mwenyewe peke yake. Franck, mchomeleaji wa milango ya chuma hapo jirani, alikuwa hachoki kuitania.

“Mama Kapinga, hii ni mashine ao ni frigo?”

“Frigo iko na baridi. Hii iko na akili. Kaa chini, usubiri.”

Na kwenye benchi la kusubiri ndiko ubishi ulikokuwa. Wapo waliokuwa watu wa HP na wapo waliokuwa watu wa Dell, kama vile katika mpira wengine ni wa Mazembe na wengine wa Lupopo, na waliopiga kelele zaidi walikuwa wale wasiokuwa na mashine yoyote nyumbani. Franck alisifia ile yenye alama ya tunda, ile ya bei kali. Mama Kapinga akamjibu bila kusimamisha vidole: “Pomme yenye ilisha kuumwa? Hata mu soko banakurudishia.”

Maoni alikuwa nayo kwa kila kitu. Kila asubuhi mashine yake ilimwomba ruhusa ya kujifanya mpya, ile mise à jour, na kila asubuhi aliijibu kwa kubonyeza “plus tard”, yaani baadaye. Huu ulikuwa mwaka wa sita wa plus tard. “Inataka kubadilisha sura kila juma,” alisema. “Miye nilibakia na yangu toka Mungu anipatie, na bantu bananijua.” Na juu ya makampuni makubwa ya ng'ambo alikuwa na neno moja ambalo kila mteja alishalisikia: “Kobalti inatoka kwetu hapa, Kambove, inapita Kasumbalesa juu ya lori. Inaenda kule, banatengeneza nayo betri, inarudia kwetu mu mashine, na inarudia inasema Kiingereza! Mutoto gani anaenda safari anarudia anasahau luga ya mama yake?”

Maana hapo ndipo penye kidonda. Mashine nyingi zinazoingia mjini hupitia Dubai na Zambia, na klavie zake ni za Kiingereza. Klavie ya Kifaransa, ile waliyoifundisha masista, inaanza na A. Ya Kiingereza inaanza na Q, pale pale penye A. W na Z zimebadilishana nyumba, na M imehama kabisa, imeenda kukaa kwa alama ya mkato. Mama Kapinga alisikia hayo kwa wateja, akasema vitu hivyo haviingii kwake. Hakuwa ameigusa hata moja.

Sasa Mama Kapinga alikuwa na mtoto mmoja tu, Estelle, na Estelle alikuwa na mchumba. Kijana aliitwa Gradi, mwana wa Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza mashine kwa jumla kule mjini. Mama ya Gradi, Mama Mbambu, alikuwa wakala wa forodha kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mwanamke wa kuamka na malori na kulala na malori. Watu wema. Tatizo halikuwa watu. Tatizo lilikuwa kwamba Estelle alibakiza mwaka mmoja wa masomo ya informatique, ya kompyuta, na ndoa ilikuwa imeshafika mlangoni.

Hilo lilimkosesha Mama Kapinga usingizi. Aliwaandikia wasichana wangapi barua za kuomba kazi, waliosema “nitamaliza masomo nyuma ya ndoa”? Walichomaliza nyuma ya ndoa ni sabuni. Alitaka wakwe waseme neno moja tu, mbele ya watu, kwamba mtoto atamaliza. Basi. Hakutaka mbuzi wa ziada wala kitenge cha ziada.

Lakini msemaji wa familia alikuwa Papa Jeannot, mdogo wa marehemu mume wake, na Papa Jeannot ni mtu wa utaratibu. Alikataa katakata.

“Shemeki, siku ya dote, siku ya mahari, haiko siku ya kuweka masharti. Bakwe batasema tunabapatia mutoto na kamba ku mukono. Ile kintu usiiseme.”

“Sitasema.”

“Unaapa?”

“Nimesema sitasema, Papa Jeannot. Unataka niimbe?”

Alinyamaza kweli. Ila alinyamaza kama chungu kilichofunikwa, na wanaomjua walikaa mbali na mfuniko.

Siku ya dote ikafika, mchana, jua zuri, viti vya kuazima vimepangwa uani chini ya turubai. Upande wa Kasereka waliingia kwa wimbo. Yaliyotakiwa yalitolewa, yaliyotolewa yakapokelewa, Papa Jeannot alizungumza kwa mafumbo mpaka wengine wakasinzia. Halafu Papa Kasereka akasimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, akasema kuna kitu kimoja hakikuandikwa popote.

“Mama Estelle, tumesikia habari ya vidole vyako. Hata kule mujini banavisema. Mutu wa kazi kama weye kutumika na ile mashine ya zamani, siye kama bakwe tunaona haya. Kwa hiyo tumekuletea ya kwako.”

Vijana wawili wakaweka juu ya meza mashine mpya, nyembamba kama sinia, inayometameta, na imprimante yake ya kuchapia kando. Uani pote watu walipiga vigelegele. Franck, ambaye hakualikwa ila alikuwepo, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Mama Kapinga alishukuru kwa magoti yote mawili. Moyoni aliliaga frigo lake na akahisi kama anamsaliti mzee. Lakini zawadi ya mkwe haikataliwi wala haikosolewi. Hata wakikuletea mbuzi anayechechemea, unasema anatembea kwa madaha.

“Sasa uibatize!” Papa Kasereka akasema, amefurahi. “Utuandikie maneno ya aksanti hapa hapa, tuone vidole. Papa Jeannot atatusomea.”

Hapo Mama Kapinga akaona mlango umefunguka. Aliapa hatasema. Kuandika, nani alimkataza kuandika? Na kilichoandikwa mbele ya wakwe lazima kisomwe, Papa Jeannot hawezi kuruka mstari watu wote wakimwangalia. Mistari mitatu ya shukrani, wa nne wa Estelle na masomo yake. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha kitenge, akaweka vidole juu ya vibonye. Alipapasa vile vinundu viwili vidogo vilivyo juu ya F na J, vinavyomwambia kipofu yuko wapi, akavikuta mahali pake. Akaridhika. Ubaya wa vinundu hivyo ni kwamba viko mahali pale pale kwenye klavie zote za dunia, za Kifaransa na za Kiingereza.

Akaanza. Jamani, mwanamke yule alipiga! Uso umeinuliwa, macho kwa wageni, tabasamu la mwenye duka, na vidole vinamwagika kama mvua ya kwanza juu ya mabati. Hakuangalia klavie, hakuangalia kioo. Wageni wa Butembo walianza kumpigia makofi kabla hajamaliza mstari wa pili. Mstari wa tatu ukaisha. Akaingia wa nne, akaandika: Estelle.

Papa Jeannot akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha mafua. Mama Kapinga alimwangalia, akaona macho yale ya utaratibu yanamwambia nimeshakujua. Vidole vikasimama. Alikuwa hajawahi kuogopa karatasi maishani mwake, siku hiyo akaogopa. Je, ikiwa kweli wakwe watakasirika? Je, akimharibia mtoto ndoa kwa mstari mmoja? Akaweka nukta baada ya jina la mtoto wake, akaandika jina lake mwenyewe chini, akabonyeza kuchapa, akainuka. Alijiona mwoga, na ilimuuma.

Karatasi ikatoka. Papa Jeannot akaichukua, akavaa miwani, akasafisha koo. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akaigeuza karatasi juu chini. Halafu akairudisha.

“Euh,” alisema msemaji wa familia. “Bakwe zetu ba heshima.”

Mama Kapinga alinyoosha shingo kidogo, akauona mstari wa kwanza. Pale alipoandika “Mama Mbambu na Papa Kasereka, aksanti.” palikuwa pameandikwa hivi:

:q;q :bq;bu nq Pqpq Kqserekqm qksqnti<

Mistari yote mitatu ilikuwa hivyo, na chini kabisa yeye mwenyewe ametia sahihi: Kqpingq. Klavie ya Kiingereza! Vidole vyake havikukosea hata kibonye kimoja. Nyumba ndiyo ilikuwa ya watu wengine.

Afanye nini sasa? Akisema klavie ni mbaya, amewatukana wakwe mbele ya ukoo wao. Akisema amekosea yeye, La Précision imekufa leo, na Estelle ataingia nyumba ya watu kichwa chini, mtoto wa mama aliyejisifu akaanguka. Estelle alikuwa amekaa pale na kilemba chake kizuri, ameanza kushika midomo. Mama Kapinga alitamani kulia. Franck alikuwa ameshafungua kinywa ili aulize kulikoni, na Mungu anajua angeuliza kwa sauti gani.

“Papa Jeannot,” ikasema sauti ya upande wa pili. “Iyi barua inaanza na jina langu, shi? Basi nipatie, njo miye nisome. Kwetu muntu anasomaka mwenyewe barua yake.”

Ilikuwa Mama Mbambu. Alikuja akichukua muda wake, mwanamke mnene mwenye kalamu ya wino kwenye nywele hata siku ya sherehe. Aliichukua karatasi, akaitazama kidogo tu, kama mtu anavyotazama foleni ya malori anayoijua. Halafu akasoma, kwa sauti ya kanisani, bila kugugumia.

“Mama Mbambu na Papa Kasereka, aksanti. Mungu abazidishie, juu mumetukumbuka siye wa nyumba ya marehemu. Mashine yenye mumeleta itaandika mambo ya muzuri tu.”

Neno kwa neno! Mama Kapinga alishika kiti. Hiyo ndiyo mistari mitatu aliyoiandika, hakuna hata moja iliyopotea. Papa Jeannot alikuwa anachungulia begani kwa Mama Mbambu, ametoa macho.

Mama Mbambu akafika mstari wa nne. Hapo akamwangalia Mama Kapinga, akaangalia tena karatasi.

“Estelle,” akasoma, “ni mutoto wangu wa pekee, na amebakiza mwaka moya. Tunabaomba bakwe amalize masomo yake mu mikono yenu, kusudi akiingia kwenu aingie nzima.”

Akakunja karatasi mara mbili. “Na miye mama ya Gradi najibia papa hapa, bantu bote basikie. Nimekubali. Atamaliza. Kasereka, weye unasema nini?”

Papa Kasereka, aliyeulizwa jambo likiwa limeshakwisha, alisema naye amekubali. Gradi akaitikia kwa nguvu kuliko baba yake. Vigelegele vikapanda mpaka barabarani, na Estelle akalia na kuharibu poda yote usoni.

Jikoni, mboga ya sombe ikichemka, mama wawili wakakutana peke yao. Mama Kapinga alifunga mlango kwa mguu.

“Mama Gradi, uliweza je kusoma ile matatizo?”

Mama Mbambu akacheka mpaka akakalia ndoo. “Eh, Mama Estelle! Miaka kumi na mbili Kasumbalesa. Upande wa Zambia klavie ya Kiingereza, upande wetu ya Kifaransa, na bantu banarukaruka huku na huku. Kila siku tunapata karatasi ya ‘:q;q’. Siye tunajua tu ni mama. Kasereka wangu anauzaka mashine, lakini kuandika anaandikaka na kidole moya. Hakujua.”

“Mustari wa ine sikuuandika.”

“Ulianza.”

“Niliandika Estelle tu. Nikaogopa.”

Mama Mbambu akaacha kucheka. Akatoa karatasi kifuani, akaikunjua juu ya goti. “Angalia. Majina yote imeharibika. Yangu, ya bwana yangu, hata yako. Estelle peke yake njo alitoka safi, juu mule hamuna A wala M. Nikaona jina ya mutoto, na nyuma yake hakuna kintu, na weye umesimama pale, umeshika kiti. Mama Estelle, miye balinioa nimebakiza mwaka moya. Nikasema nitamaliza nyuma ya ndoa. Leo bachauffeur ba malori bananiita chef, mukubwa, lakini kila muntu akiuliza diplôme, ninamutuma akanunue maji. Kwa hiyo nilisoma kile kilikuwa mule.”

Mama Kapinga alitaka kusema neno kubwa la shukrani, la adabu, lenye mwanzo na mwisho. Badala yake akamkumbatia, mwiko ukiwa bado mkononi, na kitenge kipya cha Mama Mbambu kikapata sombe mgongoni.

“Na ile mashine,” alisema baadaye, akijifuta macho. “Nitafanya je? Ni zawadi yenu. Nitakufa nayo.”

“Haufe. Kuya.”

Wakaenda mezani, watu wakiwa wanakula. Mama Mbambu akabonyeza pembeni mwa kioo, mahali penye neno dogo, akaondoa Kiingereza akaweka Kifaransa. “Basi. Klavie itabakia kusema uongo: panaandikwa Q, lakini ukipiga inatoka A. Muntu wa kuangalia vidole hataweza kabisa. Weye hauangaliake.”

Mama Kapinga akainua uso, akaangalia ukuta, akapiga. Mama Mbambu. Ikatoka safi. Ndugu zangu, hapo alifurahi kupita kiasi, maana katika Katuba nzima kulikuwa sasa na mashine moja ambayo mtu mmoja tu anaweza kuiandikia. Franck, aliyekuwa amebeba sahani yake mpaka hapo, aliomba ajaribu. Akaandika jina lake akitafuta herufi moja moja kwa macho, na kioo kikamwandikia Frqnck.

“Iko malade, iko mugonjwa!” alisema Franck.

“Haina malade. Inajua mwenyewe. Uende ukachomelee milango.”

Papa Jeannot alisubiri mpaka wakwe wameaga, viti vimekunjwa, na ile karatasi imeachwa juu ya meza. Akaivutia kwake, akavaa miwani. Mtu wa utaratibu akishuku kitu, hapo tena hana raha.

“Shemeki,” akasema mwishowe, “ule mustari wa ine.”

“Eh?”

“Mama Mbambu alisoma maneno mingi. Miye hapa naona Estelle, na nyuma yake hii alama moya tu, sawa mudomo wa kuku. Basi.”

Mama Kapinga alikuwa anafunika mashine yake mpya kwa kitambaa, cheusi, kama cha sista. Hakugeuka.

“Papa Jeannot, ile ni alama ya Kasumbalesa,” alisema. “Kule, kintu kimoya kinabebaka mizigo mingi.”